Fela hakupanda jukwaani peke yake

Watazamaji walioingia katika jumba la maonyesho la Eugene O'Neill, jijini New York, mwishoni mwa mwaka 2009, walikuta muziki umekwisha anza. Hakukuwa na pazia la kufunguliwa. Bendi ilikuwa jukwaani inapiga, kuta zimejaa michoro na mabati mpaka pembeni mwa viti vya watu, na aliyekuwa bado anatafuta namba ya kiti chake alijikuta anatafuta huku kichwa kinatikisika. Waliowahi kwenda dansi ukumbi wa DDC Kariakoo, Dar es Salaam, enzi za bendi ya Sikinde wanaujua mtindo huo. Bendi haingoji ukumbi ujae. Inaanza kupasha, na watu wanaikuta iko safarini.

Onyesho hilo liliitwa Fela!, likazinduliwa rasmi Novemba 23, 2009 huko Broadway, baada ya kujaribiwa mwaka uliotangulia katika ukumbi mdogo wa 37 Arts wa jiji hilo hilo. Liliendelea mpaka Januari 2, 2011. Liliteuliwa kuwania tuzo 11 za Tony, likaondoka na tuzo 3: ya unenguaji, ya mavazi na ya sauti. Miongoni mwa waliotia mkono katika utayarishaji wake walikuwamo Jay-Z, Will Smith na Jada Pinkett Smith. Kwa onyesho lililojengwa juu ya nyimbo za Fela Kuti, Mnigeria aliyeimba kwa Kiingereza cha mitaani cha Lagos na Kiyoruba, haya hayakuwa mambo madogo.

Nalirudia onyesho hilo leo kwa sababu sisi huku Afrika Mashariki tumekalia hazina ya wanamuziki ambao maisha yao yanadai jukwaa, na tunaendelea kuwaimba kwenye hotuba za maadhimisho tu. Kabla hatujashika kalamu, inafaa tuangalie wenzetu walipatia wapi na walikosea wapi.

Fela Anikulapo Kuti alizaliwa Abeokuta, Oktoba 15, 1938, katika familia ambayo ingetosha kuandikiwa tamthilia hata kama yeye asingezaliwa. Babu yake, Mchungaji Josiah Ransome-Kuti, alirekodi nyimbo za kanisa kwa Kiyoruba mjini London katika miaka ya 1920. Baba yake alikuwa mchungaji, mwalimu mkuu na kiongozi wa chama cha walimu. Mama yake, Funmilayo, aliwaongoza wanawake wa Abeokuta kupinga kodi waliyotozwa, na moto waliouwasha ukamtoa Alake, mfalme wa mji huo, kwenye kiti chake mwaka 1949. Mtoto wa nyumba hiyo akapelekwa London mwaka 1958 akasomee udaktari. Alipofika alijiandikisha chuo cha muziki cha Trinity.

Mwaka 1969 akiwa Los Angeles na bendi yake alikutana na Sandra Smith, aliyejulikana baadaye kwa jina la Sandra Isidore, dada aliyekuwa karibu na harakati za Black Panther. Sandra ndiye aliyemsomesha historia ya watu weusi na kumpa kitabu cha maisha ya Malcolm X. Fela aliyerudi Lagos hakuwa yule aliyeondoka. Pamoja na mpigaji ngoma Tony Allen aliukamilisha muziki walioupa jina la Afrobeat, akafungua ukumbi wake, Afrika Shrine, na nyumba yake akaitangaza kuwa jamhuri huru ya Kalakuta. Santuri baada ya santuri, akawavua nguo watawala wa kijeshi hadharani.

Maisha ya namna hiyo yanamtia mwandishi wa jukwaani katika majaribu makubwa. Anatamani kuanza na kuzaliwa, apite shuleni, London, Los Angeles, jela, ndoa, kaburini. Akifanya hivyo atapata orodha, na mtazamaji atatoka ukumbini anajua tarehe tu. Bill T. Jones, mwongozaji na mbunifu wa unenguaji wa Fela!, pamoja na mwandishi mwenzake Jim Lewis, walichagua usiku mmoja. Ni mwaka 1978, mama wa Fela amefariki, na Fela yuko Shrine akipiga kile anachokiita onyesho lake la mwisho kabla hajaihama nchi. Yote mengine yanamjia humo humo kama kumbukumbu: mara yuko London, mara yuko na Sandra, mara sauti ya mama yake inamwita. Swali linaloubeba usiku wote ni moja. Aondoke Nigeria, au abaki?

Naona huo ndio uamuzi uliolifanya onyesho lisimame. Uliwaruhusu kumwacha Fela afanye alichokuwa akifanya Shrine kila wiki: kuvuta bangi jukwaani, kuongea na watu, kuwatania, kuwasimanga wakubwa, kisha kupuliza saksafoni. Mtazamaji hasimuliwi habari za Fela. Amekuja kwenye dansi ya Fela.

Na kwenye dansi mtu hakai. Kuna mahali katika sehemu ya kwanza ambapo Fela anawaamuru watazamaji wote wainuke, kisha anawafundisha kuisoma saa kwa kiuno. Kiuno kinapelekwa saa sita, saa tisa, kinarudi, na wanenguaji wameshuka hadi kwenye njia za katikati ya viti kuwasaidia walio wazito. Hebu fikiria ukumbi wa watu waliolipa tiketi ya bei mbaya, wamevaa suti na lulu, wanakata kiuno kwa amri ya mtu kutoka Abeokuta. Ni tukio la kuchekesha, lakini lina kazi. Katika muziki huu, kama katika ngoma zetu, asiyecheza hajausikia wote.

Kulikuwa na mtihani mwingine ambao ni wa kiufundi zaidi. Wimbo wa Fela haukuandikwa kwa ajili ya jukwaa la Marekani. Mara nyingi unajaza upande mzima wa santuri, dakika 15 au zaidi, na sauti yake inaingia baada ya ngoma, magitaa na tarumbeta kuzunguka mpaka mwili wa msikilizaji umekubali. Jones na wenzake walikuwa na saa mbili na nusu hivi. Kazi ya kukata na kushona walipewa Antibalas, bendi ya Brooklyn iliyokuwa ikipiga Afrobeat tangu mwaka 1998, na wao ndio waliokaa jukwaani kila usiku. Wimbo uliosalia na dakika nne au tano ulibaki na mzunguko wake, kwa sababu waliokuwa wakiukata walikuwa wameishi ndani yake. Angepewa kazi hiyo mpangaji wa muziki wa kukodiwa, asiyejua kwa nini gitaa la pili linarudia noti zile zile dakika kumi, angeyaondoa marudio yote akidhani anasaidia.

Hata hivyo kuna jambo ambalo Fela mwenyewe asingelikubali. Alikuwa na msimamo kwamba wimbo akishaurekodi haupigi tena jukwaani, na waliokwenda Shrine kutaka kusikia kibao cha santuri walirudi nyumbani na wimbo mpya. Onyesho la New York lisingeweza kufuata desturi hiyo, maana watu walikuja kusikia vibao wanavyovijua, kama Zombie. Simlaumu Jones kwa hilo. Ni mfano mzuri wa pale ambapo ukweli wa mtu na haja ya jukwaa vinagongana, na mwandishi inabidi achague akijua anachokipoteza.

Uzito wa nafasi ya Fela ulikuwa mkubwa kiasi kwamba waigizaji wawili walipokezana usiku kwa usiku, Sahr Ngaujah na Kevin Mambo. Mtu huyo anaimba, anacheza, anaongea na yuko mbele ya watu karibu muda wote. Huko Broadway nafasi ya mama yake ilianza na Lillias White, mwimbaji ambaye sauti yake ilitosha kumfanya mtazamaji aamini kwamba marehemu huyo bado anatoa amri.

Tukio zito kuliko yote ni la Februari 18, 1977. Tamasha kubwa la sanaa za watu weusi, FESTAC, ambalo Fela alilisusia, lilikuwa limefungwa Lagos siku 6 tu zilizopita. Wanajeshi wapatao 1,000 waliizingira Kalakuta, wakaichoma moto pamoja na vyombo vya muziki na kanda, wakawapiga waliokuwamo na kuwabaka wanawake. Funmilayo, bibi wa miaka 76, alitupwa kutoka dirisha la ghorofani. Hakupona tena, akafariki Aprili 13, 1978. Tume iliyoundwa ilisema aliyefanya hayo ni askari asiyejulikana.

Jukwaani, Jones hakutaka moto wala bunduki za bandia zibebe kisa hicho. Aliwasimamisha waigizaji wake mmoja mmoja, picha zao zikamulikwa ukutani mithili ya picha za watuhumiwa, na kila mmoja akaeleza alichotendewa. Huyu walimvunja hiki, yule walimfanyia kile. Katika onyesho la miguu isiyotulia, hapo watu walisimama tu, wakatoa ushahidi. Baadaye majeneza yanabebwa mpaka mbele, kukumbusha jeneza ambalo Fela na watu wake walilipeleka lango la kambi ya Dodan, alikokuwa mkuu wa nchi.

Sasa nifike kwenye lawama yangu.

Wanawake wa Kalakuta katika Fela! ni wazuri, wamepambwa kwa rangi usoni, wanacheza kwa namna ambayo ilistahili tuzo. Lakini, ukiacha ushahidi ule, hawaongei. Februari 1978 Fela alioa wanawake 27 kwa siku moja, wengi wao wanenguaji na waimbaji wa bendi, ambao jamii na baadhi ya familia zao ziliwaita malaya na ambao walikuwa wamepigwa na askari mwaka uliotangulia. Ndoa ile ilikuwa kinga kwao, ilikuwa siasa, na ilikuwa pia umiliki. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na zamu, na mkono wa Fela haukuwa mwepesi kwao. Aliporudi kutoka jela mwaka 1986, alikofungwa na serikali ya Buhari kwa kosa la fedha za kigeni, aliwaacha akisema mtu hawezi kummiliki mwanamke. Hapo pana tamthilia nzima! Onyesho la New York liliwapitisha wanawake hao mbele ya macho yetu kama mapambo, likasonga mbele.

Kwa kuuweka usiku wake mwaka 1978, onyesho lilijiepusha pia na mwisho wa Fela. Alifariki Agosti 2, 1997, na kaka yake, Profesa Olikoye Ransome-Kuti, aliyewahi kuwa waziri wa afya, alisimama mbele ya waandishi akatangaza kwamba ni Ukimwi. Katika Nigeria ya wakati ule, familia yenye jina kubwa kutamka hilo hadharani ilikuwa ushujaa uliofanana na wa Funmilayo mbele ya Alake. Naelewa kwamba mwandishi anaruhusiwa kuchagua usiku wake. Bado naona kumwacha Fela akiwa na miaka 39, mwenye nguvu na hasira za haki, ni kumlinda kuliko alivyojilinda mwenyewe.

Aprili 2011 onyesho lilipelekwa kwao. Lilichezwa katika ukumbi wa Eko Hotel, Victoria Island, Lagos, na wasanii wakapiga pia New Afrika Shrine ya Ikeja, inayoendeshwa na watoto wa Fela, Yeni na Femi. Kulipeleka nyumbani onyesho lililoshonwa ugenini ni hatari, kwa kuwa mjini humo kila kinyozi na kila dereva wa danfo, daladala za huko, alikuwa na Fela wake. Mnigeria hakuhitaji kufundishwa kuisoma saa kwa kiuno. Alichotaka kujua ni kama wageni hawa wamemsema vizuri mtu wake. Lililofuata linanifurahisha kuliko tuzo zote za Tony. Wanigeria walitengeneza la kwao.

Desemba 2017, Bolanle Austen-Peters, mwanzilishi wa kituo cha sanaa cha Terra Kulture, alilitoa Fela and the Kalakuta Queens katika ukumbi wake wa Lagos. Kabla ya kuandika aliwatafuta baadhi ya wale wake wa Fela walio hai, akakaa nao, akawasikiliza. Katika onyesho hilo wanawake ndio wenye kisa. Tunaambiwa walitoka wapi, walifuata nini Kalakuta, nani alimwonea wivu nani, waliumizwaje na walibaki kwa sababu gani. Fela yumo, anaimba, ni yule yule mwenye saksafoni, ila sasa anatazamwa na watu waliompikia, waliomwimbia viitikio na waliovunjwa mifupa kwa ajili yake. Kwangu mimi huyo ndiye Fela kamili zaidi. Mwanamuziki wa Kiafrika ana bendi, ana viitikio, ana wanenguaji, ana ukumbi wenye wateja wake, ana mama. Ukimwinua peke yake ukamwacha huyo na huyo chini, unabaki na nusu yake.

Mfano mwingine unatugusa karibu zaidi. Mwimbaji Somi, aliyezaliwa Marekani na wazazi kutoka Rwanda na Uganda, aliandika na kuigiza Dreaming Zenzile, juu ya maisha ya Miriam Makeba, ikaonyeshwa Marekani mwaka 2021 na 2022. Naye alichagua usiku mmoja, ule wa Novemba 2008 ambapo Makeba, mwenye miaka 76, aliimba Castel Volturno, Italia, kisha akaaga dunia. Makeba ndiye aliyeipeleka Malaika mbele ya dunia, na wengi ughaibuni walikijua Kiswahili kwa kinywa chake. Lakini waulize hao hao mtunzi ni nani. Ubishi kati ya jina la Fadhili William na la Adam Salim umedumu miaka na miaka, na hatuwezi kuzungumzia kupandisha wanamuziki jukwaani bila kugusa haki za watunzi. Hata Fela! ilipata msukosuko wake: mwaka 2010 Carlos Moore, aliyeandika kitabu cha maisha ya Fela kwa ridhaa ya Fela mwenyewe, alikwenda mahakamani akidai kazi yake imetumiwa bila ridhaa yake. Baadaye kitabu chake kikatajwa kwenye matangazo ya onyesho. Kukubaliana naye kabla kungekuwa rahisi zaidi.

Basi twende Unguja. Siti binti Saad alizaliwa Fumba karibu mwaka 1880, katika familia ya wafinyanzi, akapewa jina la Mtumwa. Alitembea na vyungu kichwani akiviuza kwa sauti iliyowafanya watu watoke nje kabla ya kuviona. Alihamia mjini, akafundishwa kuimba, na taarab iliyokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu kwenye majumba ya wakubwa akaiimba kwa Kiswahili, watu wa mitaa ya Ng'ambo wakasikia mambo yao wenyewe. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri. Aliimba kesi za mahakamani, hakimu aliyepotosha haki, mwanamke aliyeuawa na mashahidi waliofungwa badala ya muuaji. Waliomwonea wivu walimtungia nyimbo za kumkejeli sura na asili yake, naye akawajibu kwa shairi. Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Alifariki mwaka 1950.

Mtunzi atakayemshika Siti asimtenge na kina Subeit Ambar, Budda Swedi, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban, waliokaa naye usiku kucha wakitunga. Asiwaache nje wanawake wa Ng'ambo waliomletea habari za mtaa zikageuka nyimbo. Kama mimi ningeulizwa nichague usiku, ningeuchagua ule wa kwanza baada ya kurudi kutoka Bombay. Mji mzima unataka kumwona mwanamke aliyetiwa ndani ya sahani, mahasidi wako mlangoni wameshika kejeli zao, na kuna wimbo wa yule mwanamke aliyeuawa unaosubiri kuimbwa huku watu wa serikali wakiwa miongoni mwa wageni.

Wala tusiseme hatuna mtindo. Miaka ya 1980 na 1990 vikundi vya sanaa vya Muungano na TOT vilijaza kumbi kwa usiku uliochanganya ngoma, sarakasi, maigizo na taarab, na watu walikaa saa nyingi bila kuchoka. Waigizaji wanaofundishwa katika chuo cha sanaa cha TaSUBa, Bagamoyo, wanajua kucheza, kuimba na kupiga ala kwa pamoja, jambo ambalo vyuo vingi vya ughaibuni vinalitafuta kwa tochi. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi pale Unguja kimelea wapigaji wa udi, kanuni na fidla tangu mwaka 2002. Kinachokosekana ni mtu wa kuandika na mtu wa kulipa.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa pande mbili. Wenye fedha, mnaodhamini mashindano ya urembo na mbio za magari, wekeni fungu la tamthilia moja ya muziki, mkianza na malipo ya ukoo na warithi wa watunzi kabla ya taa na mabango. Na wewe msomaji ambaye bibi yako aliwahi kukuimbia wimbo wa Siti, au ana santuri imelala kabatini, au alimwona mwimbaji wa taarab Bi Kidude akiimba nyimbo za Siti, mwalimu wake, keti naye wikiendi hii, umrekodi kwa simu, uandike majina yote anayoyataja: ya waliopiga, ya walioitikia na ya waliokuwa wakicheza.